Wachumaji wangu wapya sasa wanabaki

Nasimamia wachumaji wa chai huku Mufindi, na kuna kauli imenichosha: "Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu." Wanaoisema hawajasimama mstarini alfajiri ya Juni, ukungu umetanda, umande unachuruzika kwenye plastiki uliyojifunga kiunoni na vidole havikunjiki.

Mwaka juzi Aprili tulipokea wapya 18. Kufika Juni wamebaki 7. Nikashauriwa niwape hamasa. Akaletwa mtaalamu kutoka mjini, tukakodi viti, tukapika pilau, soda juu. Laki tatu na ushee hivi zikaondoka. Aliongea vizuri kwelikweli. Tukasimama, tukapiga makofi, tukaitikia: "Naweza! Naweza!" Kesho yake mizanini binti mmoja wa Makete akapima kilo 9, jirani yake 31. Nilimwona alivyoikodolea ile mizani. Jumatatu hakutokea. Alipopita kuchukua hela yake akaniambia, "Kaka, mimi hii kazi siiwezi." Ndiye aliyepaza sauti kuliko wote siku ya pilau. Iliniuma sana.

Nikarudia madaftari yangu ya chuo. Mmarekani Fred Luthans, msomi wa menejimenti, anataja mtaji wa kisaikolojia: matumaini, kujiamini, ustahimilivu na kutazamia mema. Na mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba kujiamini kunakua zaidi mtu akifanya jambo mwenyewe akaliweza, kisha akimwona wa hali yake akiliweza. Maneno ya kutia moyo yanafuata nyuma. Kumbe laki tatu zangu niliziweka kwenye maneno!

Basi nikanunua vidaftari Mafinga, havikufika hata elfu ishirini. Kila mpya anaandika kilo zake za jana na za leo, za jirani hazimhusu. Halafu, na hili ninajivunia, sikumpanga mpya na bingwa. Bingwa mkono wake unakwenda wenyewe, ukimuuliza anafanyaje anakwambia "chuma tu." Nikampanga na aliyeanza msimu uliopita, ambaye bado anakumbuka vidole vilivyomuuma. Mama mmoja wa hivyo nilimsikia akimwelekeza mwenzake: "Mkono ukiwa kwenye kichaka hiki, jicho liwe limeshafika kinachofuata. Majani mawili na ncha, usirudi nyuma." Wiki ile ile yule mpya alitoka kilo 12 akafika 19.

Na baridi nawaambia mapema, Mei. Chai inachipua polepole kwenye baridi, kilo zinashuka kwa kila mtu, hata bingwa. Wa mwaka juzi walidhani wameshindwa wao, hakuna aliyewaambia ni majira. Msimamizi mwenzangu, hili usilisahau. Malipo nayo yakichelewa, vidaftari havitakusaidia. Nimegombana ofisini mara mbili kwa ajili hiyo na nitagombana tena.

Mwaka jana walikuja 15, na Agosti walikuwepo 13. Yule binti wa Makete nilimpigia simu. Amerudi, na ukurasa wa kwanza wa kidaftari chake ameandika mwenyewe: kilo 9.