Ufa wa Mai Mahiu

Jumapili usiku.

Leo tumepita Mai Mahiu tukienda Narok kumjulia bibi hali, na mjomba akamwomba dereva apunguze mwendo. "Hapa ndipo barabara ilipokatika." Mwaka 2018, mvua za Machi zilipokolea, ardhi ilifunguka huku karibu na Suswa, ikameza lami na mashamba. Nikautafuta ule ufa kwa macho nisiuone. Barabara ilijazwa mawe na udongo, magari yakaendelea na safari zake, na leo mbuzi walikuwa wanavuka bila wasiwasi.

Siku zile habari zilienea kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia kadhaa walikataa: majivu laini ya volkano yaliyojaza nyufa za zamani yalisombwa na maji chini kwa chini, juu pakabomoka. Nami nawaamini, ingawa mjomba hataki kusikia. Bonde la Ufa linapanuka kweli, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zangu zinalishinda mbio.

Tuliposimama kunywa chai, aliniuliza ganda lenyewe la dunia lina unene gani. Nikamwambia: karibu na Naivasha ni kama kilomita 35, ila ukienda kaskazini hadi Turkana, ambako limevutwa zaidi, zinabaki kama 20. Chini ya bahari hata 10 hazifiki. Na hakuna aliyewahi kulitoboa likaisha. Wasovieti walianza kuchimba kwenye rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, mwaka 1970; kufikia 1989 walikuwa mita 12,262, kama theluthi tu ya ganda la pale. Huko chini walikuta joto la nyuzi 180, mwamba ukawa unalegea na kuwashinda.

"Kwa hiyo tumekaa juu ya utando," mjomba akasema, akinionyesha chai yake ya maziwa iliyoanza kupoa.

Nilitaka kumkosoa. Chini ya ganda si uji, ni mwamba vilevile, wa moto, unaojikokota polepole kwa mamilioni ya miaka. Lakini dirishani mlima Longonot ulionekana wote, na kreta yake kileleni, na mfano wa mjomba haukuwa mbaya sana.

Akauopoa utando kwa kijiko, akaubandika ukingoni mwa kisahani. Tangu utotoni hajawahi kuupenda.