Nilivyomfikisha Mama Rottingdean kwa kiti cha magurudumu

Mama alipokuja Brighton kutoka Tanga, magoti yake yalishachoka. Akienda hatua hamsini lazima akae. Lakini alitaka kuona kijiji cha Waingereza, si mji tu. Rottingdean kiko mashariki mwa Brighton na tangu 1928 kinahesabika ndani ya mji huo, ila ukifika unajua umeingia kijijini.

Basi linafika huko. Mimi nilitaka aione bahari njia nzima, nikaazima kiti cha magurudumu ili tupite Undercliff Walk, njia ya zege iliyojengwa chini ya magenge meupe ya chaki kuzuia mawimbi yasiyale. Ni tambarare, na kutoka Brighton Marina ni kama saa moja na kitu ukisukuma polepole.

Mara ya kwanza tulishindwa. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, na Mama akaniambia, "Hili bamvua, mwanangu. Mpaka saa sita maji yatakuwa nje." Kwetu Tanga ndivyo: asubuhi za bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, watu wako mwambani wanatafuta pweza. Nikamwamini, sikutazama hata jedwali la maji. Tulifika saa tano na nusu, bahari inapanda kwa kasi, upepo wa kusini-magharibi unaisukuma, mawimbi yanapiga ukuta na kumwagika njiani. Buibui la Mama lililowa chapachapa. Nikageuza kiti.

Usiku nilikaa na jedwali. Kumbe Brighton, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa sita mchana, na baina ya kujaa na kupwa ni karibu mita 6! Mama hakubisha. Alihesabu kwa vidole: "Kila siku yanachelewa. Tungoje siku tano."

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mwamba ulikuwa mkavu. Mama akaona vipande vya zege vimejipanga kwenye mwamba kuelekea kijijini, akaniuliza ni vya nini. Nilifurahi kumweleza: ni mabaki ya njia ya reli ya Magnus Volk, mhandisi wa umeme wa Brighton. Kuanzia 1896 mpaka 1901 behewa la umeme lilipita humu baharini juu ya miguu ya chuma ya kama mita 7, reli zikiwa chini ya maji. Alinisimamisha, akavitazama muda mrefu.

Kijijini tulikaa kando ya kidimbwi cha bata, mbele ya nyumba za mawe ya gumegume. Kinu cheusi cha upepo cha 1802 tulikitazama kwa mbali, kiko juu ya kilima na sikuthubutu kusukuma kiti huko. Tulirudi kwa basi. Dereva aliteremsha kibao, nikaingiza kiti bila shida.

Tulipofika nyumbani, kabla hajavua viatu, Mama akaniomba lile jedwali.

"Kesho yanapwa saa ngapi?"