Mashabiki Wakorofi na Tabasamu Langu

Wiki hii, katika kujiandaa kwa somo la sosholojia, nimesoma kuhusu vurugu za mashabiki wa soka, na nakiri kwamba nilianza nikitabasamu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni shabiki mwenye makelele. Tabasamu lilikatika nilipofika Heysel, uwanja wa Brussels, ambako tarehe 29 Mei 1985, kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Liverpool na Juventus, baadhi ya mashabiki wa Liverpool waliwavamia wale wa Juventus, watu wakakimbilia ukutani, ukuta ukaporomoka na watu 39 wakafa. Mechi ikachezwa vivyo hivyo! Baadaye klabu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, na Liverpool sita.

Kilichonisumbua zaidi ni Hillsborough, uwanja wa mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1989, ambako msongamano uliua watu 97, na mashabiki wa Liverpool wakatupiwa lawama kwa miaka mingi, hadi uchunguzi wa vifo ulipohitimisha mwaka 2016 kwamba tabia yao haikuwa chanzo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwahukumu kabla sijafungua ukurasa wa pili.