Vimebaki vitatu

Nimerudi kutoka Mwanjelwa jioni hii, baridi ya Mbeya mnaijua, nikafungua kabati nichukue sweta.

Nikakutana na tramadoli zangu, dawa kali za maumivu, za ile ajali ya bodaboda. Niliacha pakiti nzima, vidonge 10.

Vimebaki vitatu.

Nimekaa kitandani nahesabu vile vitundu. Saba. Vimetobolewa taratibu, pakiti ikarudishwa palepale chini ya kanga.

Mdogo wangu ana miaka 17. "Dada, si dawa ya hospitali tu?"

Ya hospitali, ndiyo. Ila ni ukoo mmoja na heroini, na ikizidi inakata pumzi.

Sikufoka (nilitaka!). Tumeongea mpaka chai ikapoa.

Kesho nampelekea mfamasia hivyo vitatu.

Nyie zenu mnaziweka wapi?