Laptop ilikuwa inagoma kuchaji ikifika asilimia 60, kumbe ni setingi tu

Wiki nzima nalia na hii laptop, nachomeka chaja, taa inawaka fresh tu, ila ikifika asilimia 60 inagoma kabisa kupanda. Nikaazima chaja nyingine, wapi. Nikazima, nikachomoa chaja, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 umeme uliobaki ndani uishe, nikawasha, bado ipo palepale. Nilishaanza kutafuta betri mpya aisee. Kumbe kwenye programu iliyokuja na laptop yenyewe kuna setingi ya kulinda betri, inazuia isijae maana betri za lithiamu zikikaa 100 muda wote zinachoka haraka, na sijui hata niliiwasha lini! Nikaizima, chaji ikaanza kupanda hapohapo mpaka 100. Sasa hivi nimeirudisha hiyo setingi, coz muda mwingi laptop iko kwenye umeme, naizima setingi nikiwa na safari tu.