Kakamega tena, na safari hii turubai nalitandika vizuri

Wiki hii yote grupu yetu ya WhatsApp haijalala. Mwisho wa Januari tunaenda kupiga kambi, msitu wa Kakamega tutalala mara mbili halafu hifadhi ya Saiwa mara moja, na kama kawaida watu sita wamesema wanakuja, waliotuma pesa ni wawili, mmoja ndio mimi.

Januari kwa sababu mvua ya Kakamega haina adabu. Kwa mwaka inafika karibu milimita 2,000, na Aprili na Mei hata usijaribu. Lakini hata wakati wa kiangazi unaweza kuamka na jua kali, saa tisa mawingu yanajikusanya, saa kumi radi. Hapa Kisumu tumeizoea, ila hapa ikianza unajibanza kwa duka la mtu, kule una tenti tu.

Na tenti, wacha niseme ukweli. Mwaka jana tulifika Buyangu, kambi ya huko Kakamega, saa kumi na moja jioni juu shemeji alitaka tushuke Chavakali njiani anunue ndizi, tukasimamisha tenti mbio mbio mahali tulipoona ni laini, kumbe ndio njia ya maji. Halafu mimi mjuaji nikatandika turubai chini nikaacha kingo zimetokeza pande zote, eti tupate kabaraza ka kuwekea viatu. Mvua ilipokuja ikateremka kwa tenti, ikaangukia zile kingo, ikaingia kati ya turubai na sakafu ya tenti, ikatulia hapo kama kwa karai. Usiku wa manane nikabonyeza sakafu na kiganja, ikacheza kama tumbo la ng'ombe. Blanketi ya shemeji ilikunywa yote. Kwa hivyo mwaka huu turubai la chini linakunjwa lisitokeze kando ya tenti, ukisimama nje usilione kabisa, na kufika saa nane mchana tenti iwe juu. Ndizi atanunua akirudi.

Kwa wale mnauliza, Buyangu ni upande wa kaskazini wa msitu, iko chini ya watu wa wanyamapori, KWS, kiingilio unalipa kwa eCitizen, ukienda na noti zako utarudi nazo. Isecheno, upande wa Shinyalu, ni ya watu wa misitu, KFS. Mimi napenda Buyangu kwa sababu ya maporomoko ya Isiukhu na kile kilima, unapanda na tochi kabla hakujapambazuka na unakuta ukungu bado umelala juu ya miti, mbega wanaanza kupiga kelele moja moja. Nyoka wapo, vaa gumbuti na umulike njia ukienda choo usiku. Mimi siafu ndio huniogopesha. Nyoka atakupisha, siafu hawapishi mtu.

Shemeji anataka tuanze na Saiwa ndio turudi tukishuka. Nimekataa. Kakamega ni kama kilomita 50 tu kutoka hapa, siku ya kwanza tutafika mapema, na Saiwa iko mbele ya Kitale, ukianza nayo utasimamisha tenti gizani tena. Halafu Saiwa inataka watu wametulia. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, karibu kilomita 3 za mraba, ilitengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazopanuka asizame kwa matope. Gari haizunguki ndani, unatembea kwa vijia vya mbao, unapanda mnara, unanyamaza. Nzohe akishtuka anaweza kuzama majini akaacha pua tu nje, sasa na ile spika ya shemeji tutaona nini? Spika inabaki.

Chakula ni unga, omena kavu, sukuma tutachukua Kakamega mjini. Kuni hatuokoti msituni, tunabeba mtungi mdogo wa gesi, na bado hatujakubaliana nani ataubeba.

Tenti sai iko nje kwa ploti, nimeisimamisha nione kama zipu bado inafanya. Watoto wa jirani washaingia wakajifungia, wanasema ni kwao.