Niliyemwogopa Siye Niliyekutana Naye

Nimerudi jana jioni kutoka milimani. Miguu bado imevimba na begi sijalifungua, lakini nataka kuandika haya yakiwa mabichi.

Mwaka juzi nilipanda milima hii hii nikashuka siku ya pili. Wenzangu niliwaambia tumbo linaniuma, wakanionea huruma, mmoja akakatiza safari yake ili anisindikize. Tumbo halikuwa na neno. Niliogopa wanyama, na uongo ule umenikera miaka miwili.

Usiku wa safari ile tulikuwa tumepiga hema kwenye uwazi mdogo msituni, chini kidogo ya ukanda wa mianzi. Yapata saa tano kikaanza kilio juu ya miti. Kwanza mkwaruzo, kama mlango mzito wenye bawaba zilizoshika kutu; kisha kikapanda, kikapanda, kikaishia kwenye ukelele wa mtu anayekabwa koo. Ng'ambo ya korongo kikajibiwa. Nilikaa na tochi mkononi hadi ndege wa alfajiri walipoanza, na kichwani mwangu alikuwemo mnyama mmoja tu: chui.

Huyo nilikuwa nikimwogopa tangu zamani. Niliwahi kusoma kwamba mwaka 1926 mchungaji wa kanisa Richard Reusch aliukuta mzoga wa chui ulioganda kwenye ukingo wa kreta ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,000 kutoka usawa wa bahari. Wengi huistaajabia habari hiyo. Mimi niliielewa kwa namna moja tu: kama alifika kule, hakuna pahali mlimani ambapo hawezi kunifikia.

Safari hii nilijiandaa kwa kusoma. Nikajua kwamba puma, yule paka mkubwa wa Amerika, hageuziwi mgongo, unamkazia macho na kujitanua uonekane mkubwa. Kwamba mbele ya gorila unainama na kutazama chini. Kwamba dubu wa kahawia anayelinda watoto wake akikuvamia unalala kifudifudi na kukinga shingo, ila dubu mweusi unapigana naye. Nilikariri hata habari za wanyama wasioishi katika bara hili. Kukariri kulinituliza mchana. Giza lilipoingia sikukumbuka hata neno moja.

Kilio kikaanza tena, saa ile ile. Nikatoka hemani nikitetemeka, nikamkuta mzee anayetuongoza amekaa kando ya makaa. Safari hii sikutaka kudanganya. Nikamwambia, "Mzee, naogopa. Chui analia."

Hakunicheka, na kwa hilo nitamshukuru siku zote. Alisikiliza kidogo kisha akasema, "Huyo ni perere, mwanangu. Chui hajitangazi hivyo."

Perere! Mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa, anayeishi kwenye mapango ya miti na kula majani, na ambaye kwa nasaba yuko karibu na tembo kuliko na panya anayefanana naye. Ndiye aliyenishusha mlimani. Alikuwa akiita wenzake tu, kila perere na mti wake. Nilibaki pale nikisikiliza hadi nikaanza kuwatofautisha: mmoja karibu nasi, mwenye pumzi fupi, mwingine mbali, sauti nzito. Woga haukuniisha, lakini nililala.

Asubuhi mzee aliniita nitembee nyuma yake. Akaokota vumbi la majivu, akaliachia hewani. Likatujia usoni. "Upepo huu unatoka mbele," akasema. "Maana yake walio mbele hawajui kama tunakuja." Ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akimtaja nyati kwa uzito ambao mimi nilikuwa nimemwekea chui.

Nyati wa kundi, alinieleza, mara nyingi watakusikia na kuondoka. Wa kuogopwa ni madume wazee waliojitenga, wanaotembea mmoja mmoja au wawili watatu na kupumzika vichakani. Nyati haoni vizuri sana, anategemea pua. Ukimfikia ghafla, upepo ukiwa umemficha harufu yako na kijito kimemeza mshindo wa viatu, hana nafasi ya kuamua akuepuke. Anakuja. Na dume zima linaweza kufika kilo 800. Kwa hiyo kila tulipokaribia maji au kona yenye kichaka mzee alipiga makofi na kuongea kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi.

Kwenye kona moja nilisahau. Nilikuwa nimetangulia hatua chache, nikiwatazama mbega juu ya miti, na kijito kilikuwa kikivuma kulia kwangu. Niliposhusha macho nikaona kitu cheusi, nikadhani jabali. Jabali likainua kichwa.

Hatua ishirini hivi, si zaidi. Pembe zilikuwa na matope makavu. Nilisikia akivuta pumzi puani. Chui hakunijia akilini hata kidogo, wala dubu, wala lolote nililokariri. Mkono wa mzee ulinishika begani ukanivuta nyuma taratibu, hatua kwa hatua, hadi kwenye shina la mti mkubwa. Tukasimama nyuma yake. Mzee akaanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayempisha mtu mlangoni. Yule dume akatutazama kwa muda ambao siwezi kuupima, kisha akageuka akaingia kichakani, na matawi yakavunjika muda mrefu baada ya sisi kutomwona tena.

Nililia. Si kwa sababu ya kunusurika tu. Niliumia kwamba usiku kucha nilikuwa nimempa woga wangu mnyama asiyenitaka, na mchana nikamwingilia mwenye nyumba yake bila hata hodi. Mzee hakunikaripia. Alisema tu, "Kona ijayo, piga makofi wewe." Nikapiga, kila kona, hadi viganja vikawaka moto.

Siku ya mwisho tuliamka mapema. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo na njia ilikuwa laini. Tulikuwa tunarudi kwa njia tuliyopitia jioni kwenda kuchota maji, na viatu vyangu vilikuwa vimeacha alama pale, najua soli zangu. Mzee akasimama, akaonyesha chini.

Juu ya alama ya kisigino changu palikuwa na unyayo mwingine. Vidole vinne, kiganja kipana, hakuna alama ya makucha, kwa kuwa chui huyarudisha ndani anapotembea. Ulifuata njia yetu hadi karibu na hema, ukaenda pembeni, ukapotelea kwenye majani.

Nilichuchumaa nikaweka kiganja changu kando yake, karibu bila kuugusa. Maji ya mvua hayakuwa yameingia ndani. Alikuwa amepita baada ya mvua, mimi nikiwa nimelala, perere wakilia. Mzee alinisubiri hadi nilipoinuka, kisha tukaendelea kushuka.